AL-KHWARIZMI: MTU WA HESABU, NA KARATASI ILIYOKUNJWA MARA TATU



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na makala hii, tafuta karatasi. Yoyote tu, hata ya daftari la zamani la mdogo wako. Iweke karibu, tutaihitaji mbele.

Kila Ramadhan jarida letu hutoa maisha ya mja mmoja aliyetangulia mbele ya haki. Mara nyingi huwa ni swahaba, au imamu wa madhehebu, au mmoja wa masheikh wetu wa pwani. Mwaka huu nimeomba niandike juu ya mtu wa hesabu. Najua wengine wataguna, kwani hesabu ndiyo somo lililotutoa jasho shuleni. Lakini mtu huyu jina lake linatajwa kila siku duniani kote, na wengi wanaolitaja hawajui kama ni jina la Muislamu. Vijana wanaposema kwamba algorithimu ya simu ndiyo inayowachagulia video za kutazama, wanamtaja yeye. Mtu huyo ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi.

KUTOKA KHWARIZM HADI BAGHDAD

Al-Khwarizmi alizaliwa takriban mwaka 780 Miladia, yaani kama mwaka 164 Hijria. Jina lake linatokana na Khwarizm, nchi iliyo kusini mwa bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Ni nchi ya jangwa inayokatwa na mto mkubwa, na watu wake tangu zamani walikuwa wachimba mifereji na wafanyabiashara wa misafara. Sisi wa Kajiado tunaojua thamani ya maji katika nchi kavu tunaweza kuelewa kwa nini watu wa mahali kama pale walijifunza kupima ardhi na kugawana maji kwa hesabu.

Maisha yake ya kazi yalikuwa Baghdad. Mji huo ulikuwa bado mchanga, kwani Khalifa Al-Mansur aliuanzisha mwaka 762. Al-Khwarizmi alipokuwa mtoto, Harun al-Rashid ndiye aliyekuwa khalifa. Alipokuwa mtu mzima, kiti kilikuwa cha mwanawe Harun, Al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833.

Al-Ma'mun alipenda sana elimu. Alikusanya vitabu vya Wayunani, Wahindi na Waajemi, akawalipa watu wavifasiri kwa Kiarabu, na mahali pa kazi hiyo pakajulikana kama Baytul Hikma, Nyumba ya Hekima. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyeandika orodha kubwa ya vitabu na waandishi takriban mwaka 987, anamtaja Al-Khwarizmi kama mmoja wa watu wa hazina hiyo ya Al-Ma'mun. Hata hivyo tusiseme nusu ya habari. Khalifa huyo huyo, mwaka 833, ndiye aliyeanzisha ule mtihani mkubwa wa wanavyuoni uliomtia Imam Ahmad bin Hanbal gerezani. Elimu ilipata mlezi, na wanavyuoni wakapata taabu, chini ya mkono mmoja.

KARATASI YAINGIA MJINI

Sasa itazame ile karatasi yako. Wakati Al-Khwarizmi anazaliwa, karatasi katika nchi za Kiislamu ilikuwa kitu kigeni. Watu waliandika juu ya ngozi na juu ya mafunjo ya Misri. Inasimuliwa kwamba baada ya vita vya Talas mwaka 751, mateka wa Kichina waliwafundisha watu wa Samarkand kutengeneza karatasi. Kufikia miaka ya 790, kiwanda cha karatasi kilikuwa kimeanza kazi Baghdad kwenyewe. Baadaye mji ukawa na soko zima la warraqun, yaani wauza karatasi na wanakili wa vitabu, lenye maduka zaidi ya mia moja.

Hili si jambo dogo. Ngozi ilikuwa ghali. Karatasi ilipokuwa rahisi, mtu wa kawaida, mfanyabiashara au kadhi, aliweza kuwa na kitabu cha kwake. Al-Khwarizmi aliandika katika zama hizo, na vitabu vyake vinaonyesha kwamba aliwafikiria watu hao.

TARAKIMU TISA NA DUARA TUPU

Kazi yake ya kwanza tunayopaswa kuijua ni kitabu chake juu ya hesabu ya Kihindi. Wahindi walikuwa na njia ya kuandika namba yoyote, iwe kubwa namna gani, kwa alama tisa tu pamoja na alama ndogo ya mahali patupu. Mahali pa tarakimu ndipo panapoipa thamani: mbili ikiwa mwisho ni mbili, ikisogea nafasi moja ni ishirini, ikisogea tena ni mia mbili. Ile alama ya mahali patupu Waarabu waliiita sifr, yaani tupu, na ndiyo hii sifuri yetu ya Kiswahili.

Al-Khwarizmi hakudai kwamba yeye ndiye aliyeibuni njia hiyo. Aliinasibisha kwa Wahindi, akaieleza hatua kwa hatua: namna ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kufanya kazi na sehemu. Siku hizo hesabu hizo zilifanywa juu ya ubao uliotandazwa vumbi, unaandika kwa kidole na kufuta unavyoendelea. Waliosoma chuoni kwa ubao na wino wa kufutika wanaelewa ninachosema. Tatizo la vumbi ni kwamba kosa lako linafutika pamoja na hesabu, na hakuna anayeweza kurudi kukagua. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Al-Uqlidisi aliandika mjini Damascus, mwaka 952, akaonyesha namna ya kufanya hesabu hizo kwa kalamu na karatasi, bila kufuta.

KITABU CHA AL-JABR

Kitabu kilichompa umaarufu zaidi alikiandika kati ya mwaka 813 na 833, akakitoa kwa Al-Ma'mun. Jina lake kwa ufupi ni kitabu cha al-jabr na al-muqabala. Kutokana na al-jabr dunia ikapata neno aljebra.

Tusiogope maneno haya, kwani ni jirani zetu. Jabr ni kurudisha kilichopungua mahali pake, na Waarabu hulitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Katika hesabu, kitu kikiwa kimetolewa upande mmoja, unakirudisha, na upande wa pili unaongeza vivyo hivyo. Muqabala ni kukabilisha, kama tunavyosema duka liko mkabala na msikiti: unaziweka pande mbili uso kwa uso, na kilichopo pande zote mbili unakiondoa sawasawa.

Kitabu chote kimeandikwa kwa maneno matupu, hakuna zile herufi zilizotutesa sekondari. Namba isiyojulikana aliiita shay, yaani kitu. Namba ikizidishwa kwa yenyewe aliiita mal, yaani mali, neno lile lile tunalolitumia hadi leo.

Mfano wake mashuhuri ni huu: mali moja na vitu kumi, jumla yake ni 39. Hicho kitu ni ngapi? Chukua karatasi ufikirie mraba ambao kila upande wake ni kitu kimoja. Huo ndio mali. Vile vitu kumi vigawe viwili, tano na tano, uvibandike kama mistatili miwili, mmoja kulia na mmoja chini ya mraba. Utaona umbo limekuwa karibu mraba mkubwa, isipokuwa kona moja iliyobaki wazi, yenye upana 5 na urefu 5, yaani 25. Jazia kona hiyo. Sasa 39 na 25 ni 64, na mraba wa 64 kila upande wake ni 8. Ondoa zile 5 ulizobandika, inabaki 3. Kitu ni 3. Hakiki mwenyewe: tatu mara tatu ni tisa, tatu mara kumi ni thelathini, jumla 39.

Mtoto wa darasa la saba akikatiwa karatasi ataielewa, na hilo ndilo jambo la kushangaza. Al-Khwarizmi hakutosheka na kutoa jibu. Alieleza njia, kisha akaonyesha kwa picha kwa nini njia hiyo ni ya kweli.

NUSU YA KITABU NI MIRATHI

Wengi wanaomsifu Al-Khwarizmi huishia hapo. Lakini ndugu zangu, karibu nusu ya kitabu hicho ni juu ya wasia na mirathi. Mwenyewe anaeleza mwanzoni kwamba anawaandikia watu yale wanayoyahitaji katika kurithi, kugawana, kushtakiana na kufanya biashara, na katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Aljebra ilizaliwa ikiwa na kazi ya kufanya, na kazi moja kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba maiti akishazikwa, walio hai hawadhulumiani.

Nitatoa mfano mmoja wake kwa maneno yangu. Mtu amefariki, ameacha wana wawili wa kiume. Ameacha dirhamu 10 taslimu, na mmoja wa wanawe alikuwa anadaiwa na baba yake dirhamu 10. Marehemu ameusia theluthi ya mali yake kwa mtu wa mbali. Mwana mwenye deni atakatwa katika fungu lake. Je, kila mmoja apate nini?

Ugumu ni kwamba fungu la mwenye deni linategemea mali yote, na mali yote inategemea ni kiasi gani cha deni kinachohesabiwa. Ni kama mbuzi anayezunguka kigingi. Al-Khwarizmi anasema kile kinachohesabiwa kutoka kwenye deni tukiite kitu. Basi mali ni 10 na kitu. Theluthi inakwenda kwa mwenye wasia, na kila mwana naye atapata theluthi. Fungu la mwenye deni ndilo hicho kitu. Kwa hiyo vitu vitatu ni sawa na 10 na kitu kimoja. Kabilisha, ondoa kitu kimoja kila upande: vitu viwili ni 10, kitu ni 5. Mwenye wasia anachukua dirhamu 5, mwana asiye na deni anachukua 5, na mwenye deni fungu lake la 5 linakatwa katika deni. Dirhamu zote 10 zimetimia na hakuna wa kumlaumu mwenzake.

MWEZI, RAMANI NA VITABU VINGINE

Aliandika pia jedwali za nyota zilizotegemewa kwa muda mrefu, na jedwali hizo zilifika hadi Andalusia. Inanasibishwa kwake jedwali ya kukadiria kuonekana kwa mwezi mwandamo. Nasi ambao kila mwaka tunasimama juani tukitazama magharibi na kubishana, tujue kwamba mabishano haya yana umri.

Kitabu chake cha sura ya ardhi kilikamilika takriban mwaka 833. Kina orodha ya zaidi ya mahali 2,400, miji, milima, bahari na mito, kila pahali na vipimo vyake. Alikifuata kitabu cha Ptolemy, Myunani wa Misri, lakini aliposadiki kwamba amekosea alimsahihisha. Ptolemy aliichora bahari yetu ya Hindi kama ziwa lililozungukwa na nchi kavu, ilhali kwa Al-Khwarizmi ni bahari iliyo wazi, kama mabaharia wa Lamu na Mombasa wanavyoijua.

Alifariki takriban mwaka 850, kama mwaka 236 Hijria.

JINA LAGEUKA KUWA NENO

Miaka mia tatu baadaye vitabu vyake vilivuka kwenda Ulaya. Adelard wa Bath alizifasiri jedwali zake kwa Kilatini mwaka 1126, na Robert wa Chester akafasiri kitabu cha al-jabr mwaka 1145 huko Uhispania. Kile kitabu cha hesabu ya Kihindi, maandishi yake ya Kiarabu yamepotea, kimebaki Kilatini tu. Mafasiri aliliandika jina la mwandishi kama Algoritmi, na watu wa Ulaya wakaanza kuiita njia yenyewe kwa jina hilo. Ndivyo algorithimu ilivyozaliwa. Kwanza ilimaanisha kuhesabu kwa tarakimu mpya. Leo inamaanisha taratibu yoyote ya hatua zilizopangwa, isiyo na utata, ambayo hata mashine isiyo na akili ikizifuata itafika kwenye jibu.

Udhu ni mfano wa karibu. Kuna mwanzo, kuna mpangilio, kuna idadi, na kuna mwisho. Anayejua akimfundisha asiyejua, wote wawili wanafika pamoja.

Sasa chukua ile karatasi. Ikate utepe mrefu. Ikunje katikati, nusu ya kulia ije juu ya nusu ya kushoto. Ikunje tena vivyo hivyo, kisha mara ya tatu. Ifungue. Utaona mikunjo saba na sehemu nane. Mikunjo mingine imeingia chini kama bonde, mingine imepanda juu kama kilima. Ukiisoma kutoka kushoto utapata: bonde, bonde, kilima, bonde, bonde, kilima, kilima.

Chuoni tulipewa kazi ya kuandika programu inayoiga ukunjaji huu, ili kompyuta itaje mikunjo bila karatasi. Nilikunja karatasi usiku kucha hadi nikaiona kanuni. Chukua orodha uliyonayo. Ongeza bonde moja mwisho wake. Kisha isome orodha ya mwanzo kinyume, kutoka mwisho kuja mwanzo, na kila bonde ligeuze kilima na kila kilima bonde, ubandike mbele. Basi. Mkunjo wa kwanza ni bonde tu. Wa pili ni bonde, bonde, kilima. Wa tatu ni ile orodha ya saba. Sababu yake ni kwamba nusu ya kulia imepinduliwa, kwa hiyo kila kilichomo kimegeuka.

Kwa mkono, karatasi ya kawaida inakataa baada ya mara sita au saba. Mwaka 2002 mwanafunzi wa sekondari wa Marekani, Britney Gallivan, alifikisha mara 12, lakini alihitaji karatasi yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Ndani ya kompyuta hakuna kizuizi hicho. Karatasi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ikikunjwa mara 42, unene wake unapita kilomita 439,000. Mwezi wenyewe uko umbali wa kama kilomita 384,000. Na huko mwezini, upande tusiouona, kuna shimo kubwa lililopewa jina la Al-Khwarizmi.

KARATASI KITENGELA

Ningeishia hapo, ila kuna jambo lililonitokea, na ndilo lililonifanya niandike.

Ami yangu alifariki akaacha ploti Kitengela yenye vyumba vya kupangisha. Aliacha mke, wana wawili wa kiume na binti watatu. Mazungumzo ya kwanza, kama mnavyoyajua, yalikuwa kwamba ploti ni ya wavulana, na wasichana wataolewa. Mimi niliyesoma madrasa na sasa nasoma kompyuta nikaona zamu yangu imefika. Niliomba ruhusa kwa wazee nikatoa karatasi.

Niliikunja mara tatu mbele yao. Mkunjo mmoja ni nusu, miwili ni robo, mitatu ni thumni, na haya yote ni mafungu yaliyotajwa katika Suratun Nisaa. Mjane mwenye watoto hupata thumni, sehemu moja kati ya nane. Zimebaki saba. Mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti, basi wavulana wawili wanachukua nne, binti watatu wanachukua tatu. Jumla nane, karatasi imekwisha. Tuseme kodi ya mwezi ni shilingi 16,800, nimeibadilisha ili hesabu iwe nyepesi. Mjane 2,100, kila binti 2,100, kila mvulana 4,200. Kikao kizima kilinyamaza. Mzee mmoja aliichukua karatasi akaihesabu mwenyewe. Wallahi nilijiona mwanachuoni.

Ustadhi aliyekuwa amekaa karibu na mlango aliuliza swali moja: je, mama wa marehemu yuko hai?

Nyanya alikuwa ndani ya chumba kile kile, kwenye mkeka, na tasbihi mkononi. Anaishi kwetu Kajiado. Ndiye aliyenilea. Nilimpita kana kwamba ni ukuta.

Mama wa marehemu, marehemu akiwa ameacha watoto, fungu lake ni sudusi, sehemu moja kati ya sita. Nilirudi kwenye karatasi kwa aibu, na karatasi ikanikataa. Sudusi haipatikani kwa kukunja nusu kwa nusu. Thumni ni ndogo. Ongeza nusu ya robo ya thumni, ni ndogo bado. Kunja tena na tena, unakaribia lakini hufiki. Usiku nikaijaribu kwenye kompyuta, nayo vile vile, kwani kompyuta ndani yake huhifadhi sehemu za namba kwa nusu, robo, thumni na kuendelea chini. Ni karatasi inayokunjwa mara mbili mbili tu. Theluthi na sudusi huzikadiria, na palipo na makadirio kuna senti za mtu zinapotea.

Dawa yake ni ya kale. Usikate mali kwanza, tafuta namba nzima ambayo mafungu yote yanaingia bila kubaki. Thumni na sudusi hukutana katika 24: mjane 3, mama 4, zimebaki 17. Kumi na saba hazigawiki kwa mafungu saba ya watoto, basi zidisha yote kwa 7, tunapata 168. Mjane 21, nyanya 28, kila mvulana 34, kila binti 17. Katika zile shilingi 16,800, mjane ni 2,100 kama mwanzo, nyanya 2,800, kila mvulana 3,400, kila binti 1,700. Niliandika programu upya kwa namba nzima, na swali lake la kwanza sasa linauliza ni nani walio hai.

Nyanya aliposikia alitaka kuwaachia wajukuu wote. Ustadhi akamwambia kwa upole kwamba kusamehe ni haki yake, lakini kwanza fungu lijulikane na limfikie mkononi, kwa sababu mtu hawezi kusamehe kitu asichoonyeshwa. Mwezi wa kwanza alizipokea shilingi 2,800, akazihesabu noti moja moja. Alivyozitumia ni siri yake.

MAFUNZO

Vijana wenzangu, kutokana na maisha ya Al-Khwarizmi tunapata mafunzo haya:

1. Elimu ya dunia na ya dini hazikugombana kwake. Kitabu kilichoanzisha aljebra ndicho kilichofundisha kugawa mirathi.

2. Alichukua elimu kwa Wahindi na Wayunani, akataja alipoitoa, na akasahihisha palipokosewa. Tusione haya kujifunza, wala tusiibe.

3. Njia iandikwe wazi ili kila mtu aikague. Mgao unaofanywa kwa mdomo gizani ni kama hesabu ya vumbi, ukishafutwa hakuna ushahidi. Andikeni, na palipo na utata nendeni kwa Kadhi, kwani mahakama hizo zinatambuliwa na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 170, katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi.

4. Algorithimu, hata ikiwa sahihi kiasi gani, haimjui mtu uliyemsahau. Kabla ya hesabu, lipeni gharama za maziko, madeni na wasia usiozidi theluthi, kisha tazameni chumbani mlimo. Hesabuni watu kwanza, halafu ndiyo mali.

Ramadhan hii, baada ya tarawehe, kaeni na wazazi wenu na karatasi moja. Andikeni majina ya walio hai. Si uchuro, ni amana.

Ewe Mola, mrehemu Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, uwarehemu ami zetu na wote waliotutangulia, na utujaalie kumpa kila mwenye haki haki yake kabla hajaidai. Amin.

Wallahu a'alam. Ramadhan Kareem.